Siku ya Kusubiri Damu

Mama Galih alikataa kwa simu, tena kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayekataa kuongezewa chai.

"Safari hii siji, Teh Imas. Watafutie mtu mwingine."

Imas, ambaye kila mtu alimwita Teh, yaani dada, alikuwa amesimama kwenye ngazi za ofisi ya Bandung, mkoba wa kompyuta begani, viatu mkononi kwa sababu miguu ilikuwa imemvimba tangu mchana. Alidhani hakusikia vizuri. Kwa miaka mingi, kila kundi jipya la wauza dawa lilipopelekwa kwenye mafunzo kule Lembang, kwenye baridi ya mlimani, ni Mama Galih aliyezungumza nao siku ya pili. Kampuni ilitengeneza dawa ya kutoa madini ya chuma mwilini mwa watu wenye thalasemia, wale ambao damu yao wenyewe haiwatoshi. Wanaishi kwa damu ya kuongezewa, na kila mfuko wa damu unaowapa uhai unawaachia chuma kwenye moyo na ini. Mama Galih alikuwa mwenyekiti wa chama cha wazazi wa wagonjwa hao, na ugonjwa huohuo ndio uliomchukua mwanawe Galih, angali mwanafunzi wa sekondari.

Kampuni na chama walikuwa na mkataba wa ushirikiano. Kampuni ililipia gari la kuwaleta hospitali watoto wa vijijini, na chama kilitoa mtu wa kuzungumza na waajiriwa wapya ili wajue dawa wanayoiuza inakwenda kwa nani. Kazi ya Imas ilikuwa kukaa katikati ya pande hizo mbili na kuangalia asinune mtu. Alianza kazi hiyo akiwa na nguvu zake. Siku hizi alilala bila hata kubadili nguo.

"Unaumwa?" aliuliza.

"Siumwi. Nimechoka kumzika."

Kesho yake asubuhi Imas akaenda mwenyewe. Chama kilikuwa na nyumba ng'ambo ya hospitali, nyumba ya vyumba vichache na ukumbi wa vigae, ambako familia zilizotoka Garut, Sumedang na Cianjur zilijipumzisha zikisubiri zamu ya damu. Alimkuta Mama Galih anakunja mashuka yaliyokauka. Akashika ncha mbili za shuka, wakawa wanakunja pamoja, wakikaribiana na kuachana.

"Bosi amekutuma unibembeleze," Mama Galih alisema mwishowe.

"Bosi hajajua bado. Nimejituma."

"Basi nikwambie wewe. Unajua pale ninapofika kwenye habari ya viatu?"

Imas aliijua. Galih aliomba anunuliwe viatu vya shule saizi kubwa, kwa sababu aliamini mwaka huo atarefuka. Hakurefuka, na wala hakuvivaa.

"Pale ndipo wanapolia," Mama Galih aliendelea. "Naijua hata sentensi yenyewe. Nikiisema nanyamaza kidogo, nawapa nafasi watoe vitambaa. Kama muigizaji, Teh. Wakimaliza kulia wanapiga makofi, wanakwenda kula, na mchana wanajifunza namna ya kumshika daktari asiwaponyoke."

"Lakini wanakukumbuka. Wapo walioniambia miaka mingi baadaye..."

"Wao wanakumbuka. Mimi je?" Aliliweka shuka juu ya lundo akalipigapiga kwa kiganja. "Juzi nilikuwa jikoni peke yangu, nikasema ngoja nimkumbuke mwanangu. Yakaja yale maneno ya Lembang. Yaleyale, kwa mpangilio uleule, mpaka na pale pa kunyamaza. Mtoto mwenyewe hakuja."

Imas alikumbuka ni mara ngapi yeye mwenyewe, amesimama nyuma ya ukumbi na saa mkononi, alimfanyia Mama Galih ishara kwamba muda umebaki kidogo, asogee kwenye viatu.

"Sasa niwaambie nini kule?" aliuliza, na hata yeye alisikia sauti yake ilivyochoka.

"Waambie waje hapa. Sitaki wasimuliwe kitu. Sisi tunasubiri hapa kila siku ya Mungu, nao waje wasubiri. Na mwezi wenyewe ndio huu."

Ilikuwa Ramadhani, wiki ya tatu. Kila mwaka mwezi huo damu huadimika, maana waliofunga hawatoi damu mchana, na jioni kila mtu yuko mbioni kurudi nyumbani.

Pak Hendarto, yaani Bwana Hendarto, mkuu wa mafunzo, alisikiliza habari hiyo kutoka Jakarta kwa uvumilivu wa mtu anayeandika barua pepe nyingine huku anasikiliza.

"Kusubiri si somo, Imas. Utampimaje mtu amejifunza kusubiri?"

"Sijui, Pak. Ila Mama Galih haji."

"Asije. Tunayo video yake ya mwaka juzi. Sauti safi, picha safi. Icheze."

"Hapendi tena kusimulia habari ile."

"Hasimulii. Alishasimulia. Na karatasi ya ruhusa alitia saini." Kisha akalainika kidogo. "Sikiliza. Kundi hili wapeleke huko kwa siku moja, tuone. Lakini kundi linalokuja wanaona video. Somo lile ndilo linalopewa na waajiriwa alama za juu kuliko yote, siwezi kulitupa."

Imas alikata simu akabaki ameitazama. Video. Kwa hiyo mwanamke yule angeendelea kulia kwenye skrini ya ukutani kule Lembang, kila kundi, hata akiwa amelala kwake.

Siku ya Jumatano waajiriwa wapya walishuka kwenye basi dogo mbele ya nyumba ya chama. Walikuwa vijana kumi na wawili, wengi wao wamefunga, na Imas akawapanga pale kibarazani kama watoto wa shule.

"Vitambulisho vya kampuni vueni. Mikoba iacheni ndani ya gari. Jina la dawa yetu lisitajwe mbele ya mgonjwa, sheria mnaijua. Msigawe kalamu, msigawe kitu. Mkiombwa kubeba, bebeni. Mkiulizwa, jibuni."

"Na somo linaanza saa ngapi, Teh?" aliuliza kijana mmoja mrefu, nywele zake zimepakwa mafuta zikalala. Huyo alikuwa Reynaldi, wa kutoka Surabaya, aliyeongoza katika kila jaribio kule Lembang na alitaka kila mtu ajue hivyo.

"Limeshaanza."

Reynaldi alitabasamu kama mtu aliyeuelewa mtego. Akaingia ndani, akatupa macho ukumbini, akachagua pa kukaa: kando ya mvulana mmoja mdogo mwembamba, ngozi yake imeingia weusi wa kijivu, macho ya njano, aliyekuwa anafungua simu mbovu kwa bisibisi.

"Mambo, dogo. Unasoma darasa la ngapi?"

Mvulana hakuinua kichwa. "Wewe umezaliwa mwaka gani?"

Reynaldi akautaja.

"Basi nimekutangulia mwaka mzima. Niamkie."

Ukumbi mzima ukacheka, hadi akina mama waliokuwa wamelala. Jina lake Dadan, fundi simu wa Garut, na thalasemia ilikuwa imemzuia kukua tangu utotoni. Reynaldi akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Samahani, kaka. Sikujua."

"Si kosa lako, ndiyo kwanza unaajiriwa. Shika hapa." Akampa tochi. "Mulika. Usitingishe mkono. Unafanya kazi gani wewe, unayevaa viatu vya harusi siku ya Jumatano?"

"Nauza... nimeajiriwa kampuni ya dawa."

"Aa, wauza dawa! Ndiyo maana unanukia vizuri."

Kuanzia hapo Dadan hakumwacha. Alimtuma maji, akamtuma chaja, akamwita "mdogo wangu" kila sentensi. Alipoulizwa kama amefunga alisema, "Nyinyi mmefunga chakula. Mimi nimefunga damu, tangu wiki iliyopita." Wenzake Reynaldi walikuwa wametawanyika, mmoja anabembeleza kichanga, mwingine anamsaidia bibi wa Cianjur kutafuta kandambili iliyopotea. Imas alikaa pembeni mwa mlango, akaegemeza kichwa ukutani. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hakuwa na saa mkononi.

Saa zikasogea. Watu walivuka barabara kwenda hospitali wakarudi. Kila aliyerudi aliulizwa kwa macho, naye alijibu kwa kutingisha kichwa. Adhuhuri joto likapanda, feni moja ikawa inasukuma hewa ileile. Wale vijana walianza kuangalia simu zao. Wawili wakasinzia. Msichana mmoja alimjia Imas akamnong'oneza kama kuna ratiba ya mchana, Imas akasema hapana, yule akarudi kukaa akiwa na uso wa mtu aliyedhulumiwa.

Kwenye alasiri Mama Galih alirudi kutoka hospitali akasimama katikati ya ukumbi. Hakupandisha sauti.

"Damu imekuja kidogo. Watoto wadogo kwanza. Wakubwa kesho, Mungu akipenda, au keshokutwa."

Hakuna aliyelalamika. Ndicho kilichowashtua wale vijana, Imas aliona. Akina mama wenye watoto wadogo walisimama wakakusanya mablanketi, na wakubwa wakajilaza tena sakafuni kana kwamba wameambiwa mvua itanyesha.

Dadan alikuwa ameacha utani muda kidogo uliopita. Bisibisi ilimponyoka, hakuiokota. Midomo ilikuwa imepauka, akawa anapumua kwa kifua chote kama mtu aliyepanda mlima, naye amekaa tu.

"Kaka Dadan, vipi?" Reynaldi aliuliza.

"Niache kidogo."

"Lakini wewe umetoka Garut. Umeacha kazi. Wiki nzima unasubiri!"

"Usinipigie kelele, mdogo wangu. Hata kusikia kunachosha."

Reynaldi akasimama. Imas alimwona anavuka barabara kwa hatua ndefu akajua anakokwenda, akajikokota kumfuata. Alimkuta mbele ya dirisha la benki ya damu, amejiegemeza kwa kiwiko, anatumia yote aliyofundishwa Lembang: alimuuliza mhudumu jina lake, akalirudia, akakubaliana naye kwanza kabla ya kumbishia, akamwelezea hali ya mgonjwa kwa maneno mazuri. Mhudumu, mwanamume wa makamo mwenye macho yaliyokosa usingizi, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Pak."

"Unaongea vizuri sana, kaka. Ila mimi sinyimi watu damu. Sina. Wewe unayo?"

Kiwiko cha Reynaldi kikashuka dirishani. Walirudi pamoja yeye na Imas, na katikati ya barabara, pikipiki zikiwapita huku na huku, akasema kwa sauti ndogo, "Teh, mimi naogopa sindano. Tangu mtoto. Nikiiona tu nazimia."

"Na umekuja kuuza dawa."

"Dawa yetu ni ya vidonge," alisema, na Imas, bila kutaka, akacheka mpaka akashika ubavu.

Jua lilipozama walifuturu pale ukumbini juu ya mkeka. Kulikuwa na tende, ndizi zilizopikwa kwa tui na sukari ya mnazi, tofu ya soya iliyokaangwa, yenye pilipili. Vijana walikula kwa njaa ya kweli, bega kwa bega na wagonjwa, na kwa muda mfupi nyumba ilisikika kama nyumba yoyote. Walipomaliza kuswali Mama Galih hakuomba kitu. Alianza tu kukusanya vyombo. Ni yule msichana aliyeulizia ratiba aliyesema, "Sasa tumeshakula, si tunaweza kutoa?"

Walikwenda wengi. Si wote waliofaa: mmoja alikuwa mwepesi mno, mwingine alitoka kuugua homa, wawili walisema wana sababu zao na hakuna aliyewauliza. Reynaldi alibaki kwenye benchi la nje, mikono katikati ya magoti, jasho linamtoka. Dadan, aliyekuwa ameletwa hospitali kwa kiti cha magurudumu ili daktari amtazame, alipitishwa mbele yake.

"Mdogo wangu, umekalia benchi la wanaosubiri wake zao wajifungue?"

"Kaka, siwezi."

"Mimi nachomwa tangu sijajua kutembea," Dadan alisema. Hakuwa anatania, wala hakuwa anamsuta. "Sijazoea hata leo. Ukiwa ndani angalia dari. Dari la humo lina doa kama kuku."

Reynaldi aliingia. Imas alisimama karibu na kitanda, akamwona amekodoa macho darini, midomo inacheza. Alitoa damu mpaka mfuko ukajaa. Aliposimama, aliwaambia wote kwamba mambo ni mepesi kumbe, akapiga hatua moja akaanguka kama gunia, kichwa kikatua kwenye mapaja ya mwenzake. Mmoja wao alipiga picha.

Alipozinduka jambo la kwanza alilouliza ni kama Dadan ameshapewa.

"Haiendi hivyo," muuguzi alimwambia. "Lazima ipimwe kwanza. Na ikishapimwa itakwenda kwa anayelingana nayo, aliye mbele kwenye zamu."

"Si yeye?"

"Pengine si yeye."

Kijana akageuza uso ukutani. Imas alidhani ni kichefuchefu, kisha akaona mabega yanatikisika. Hakumgusa. Hakuwa na nguvu hiyo, na pia alihisi kwamba machozi yale, tofauti na yote aliyoyaona Lembang, hayakupangiwa nafasi na mtu.

Dadan alilala nyumba ya chama. Alipata damu Ijumaa, ya mtu asiyemjua, akarudi Garut kwenye simu zake.

Wiki iliyofuata Pak Hendarto alipiga simu. Imas alikuwa kwake, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, mama yake mzee anatazama televisheni kando.

"Alama za siku yako ni za chini kuliko zote," Pak Hendarto alisema. "Wameandika: joto. Wameandika: hakukuwa na somo. Mmoja ameandika 'sijui nilichojifunza ila silali vizuri.' Hiyo niiweke kwenye kundi gani?"

"Sijui, Pak."

"Lakini ile picha!" Sauti ilibadilika. "Ile ya kijana ameanguka na plasta mkononi. Ofisi nzima ya Jakarta imeizungumzia. Wakubwa wameipenda. Kila Ramadhani tupeleke kundi, tena si la waajiriwa wapya tu, na watu wa ofisini pia. Tutashona fulana. Nembo mbele, kauli mgongoni."

Imas aliangalia vidole vyake vya miguu majini. Zamani angekasirika. Angesema kwamba watu walikuwa wanapumua kwa shida sakafuni pale, na wewe unawaza fulana. Sasa alichofikiria ni kwamba mtu akishataka kitu kwako, hapo ndipo pa kumwomba.

"Sawa, Pak. Fulana wavae njiani, wavue mlangoni. Ila nami nataka kitu."

"Sema."

"Video ya Mama Galih. Naomba ifutwe. Kote. Lembang, Jakarta, kila mahali."

Ikasikika sauti ya vitufe vya kompyuta. "Kwa nini? Ni nzuri."

"Ameondoa ruhusa yake," Imas alisema. Hakuwa amemuuliza Mama Galih, lakini aliona hilo litarekebishika.

"Haya, haya. Nitawaambia watu wa mitambo. Fulana unaonaje, buluu?"

Imas hakuamini mpaka alipoandikiwa kwamba imefutwa, tena akampigia kijana wa mitambo kumuuliza mara mbili. Ndipo akaenda nyumba ya chama. Mama Galih alikuwa jikoni anakatakata tofu kwa ajili ya futari ya wageni. Imas alimweleza yote, na habari za fulana pia, akitegemea atacheka au atatukana.

"Waje nazo," Mama Galih alisema. "Nembo wachore hadi usoni, mradi ndani ya mikono ya fulana iwemo mikono itakayotoa damu."

"Na nilisema umeondoa ruhusa. Nimekusemea bila kukuuliza."

Kisu kikasimama.

"Yote wamefuta?"

"Yote. Nimehakikisha."

Mama Galih aliendelea kukata, taratibu zaidi. Vipande vikawa havilingani. Imas alivuta kigoda akakaa, maana miguu haikuwa tayari kurudi barabarani. Huko chumbani mtoto alikuwa analialia.

"Alikuwa mwongo yule," Mama Galih alisema ghafla.

"Nani?"

"Galih. Mwongo wa kupindukia. Aliwaambia walimu kwamba baba yake ni rubani. Baba yake dereva wa lori la mboga! Mwalimu akaja nyumbani kuomba rubani azungumze na darasa. Nilikosa pa kuficha uso wangu." Alifuta jicho kwa mgongo wa mkono wenye kisu. "Nimeikumbuka jana, niko bafuni. Ilikuja yenyewe."

"Ukafanyaje na mwalimu?"

"Nikamwambia yuko angani, atarudi mwezi ujao. Ungefanyaje wewe?"

Wakacheka wote wawili, si kwa sauti, kicheko cha watu ambao hawajala tangu alfajiri.

"Hiyo si ya mafunzo, Teh," Mama Galih alisema.

"Siyo."

Mtoto aliyekuwa analia alinyamaza. Huko nje gari la chama lilipiga honi. Familia za Sumedang zimefika. Imas alisimama, akashika kiuno mpaka kikanyooka, akaenda kuwapokea mizigo.